Lisidondoke Hata Tone Moja

Nyuma ya karakana ya sare
3 Machi

Wifi yangu,

Salamu nitaziweka mwisho leo, maana nimekasirika na nikianza na salamu nitasahau la maana. Kiyoyozi cha juu ya gari kinanimwagia maji ndani. Sisemi unyevunyevu, nasema maji. Kikiwaka nusu saa tu, yanaanza kudondoka kupitia dari, moja kwa moja juu ya meza ninayofungulia vyerehani vya watu. Jana nimekuta kutu mpya kwenye cherehani cha mteja. Tangu nianze kazi hii sijawahi kumrudishia mtu mashine ikiwa na kutu ambayo haikuja nayo.

Unajua maisha yangu tangu kaka yako afariki. Gari-nyumba hili ndilo chumba changu, jiko langu na karakana yangu. Naegesha nyuma ya washonaji, nawatengenezea vyerehani mwezi au miwili, naondoka kwenda mji mwingine. Sijachoka na sijalalamika. Sasa mwanangu, au niseme mwanao (akinikera anakuwa wako), alikuja wiki iliyopita kunisalimia, akakaa palepale chini ya dari, tone likamwingia shingoni. Weee! "Mama, miaka sitini na tatu si ya kulala chini ya bomba!" Tulibishana mpaka washonaji wakatoa vichwa madirishani.

Mwisho tukakubaliana. Atarudi tarehe thelathini Aprili. Tutawasha kiyoyozi saa mbili asubuhi, tutakizima saa kumi jioni. Likidondoka ndani hata tone moja, nauza gari nahamia kwake, chumba cha nyuma, ghorofa ya nne. Lisipodondoka, hafungui tena mdomo kuhusu kuuza. Nimempa mkono, wifi. Unanijua, nikishatoa mkono siurudishi.

Hapa nimepata mafundi wawili. Wa kwanza amesema ninunue kipya. Wa pili amelitazama paa akiwa chini, akasema yeye na ngazi hawaelewani. Basi umebaki wewe, mwenye miaka thelathini na moja ya friji na viyoyozi. Niandikie nifanye nini, nipande na karatasi yako. Ningekupigia simu, lakini masikio yako uliyaacha kwenye kompresa za kiwanda cha barafu, na ujumbe wa simu hujibu hata ukibembelezwa.

Haya, salamu sasa. Hujambo? Mimi sijambo, ila nimeloa.

Wifi yako,
Fundi cherehani


9 Machi

Wifi wa sindano,

Barua yako imefika na alama ya maji kwenye pembe, nikajua hujatia chumvi. Huyo fundi asiyeelewana na ngazi amenichekesha mpaka nimekohoa.

Sasa nisikilize. Kiyoyozi chako kimekaa juu ya tundu la mraba kwenye paa, na kati yake na paa kuna gasketi, ile sponji nene nyeusi. Ukitoa kifuniko cha dari utaona bolti nne ndefu. Gari likitikisika njiani bolti hulegea, maji yanapata njia. Chukua spana uzikaze zote nne. Zikaze kwa nguvu zako zote, mpaka zikatae. Kisha ngoja wiki mbili, gasketi ijikalie. Juu usipande. Paa la bati linateleza, na mifupa yako si ya kiwandani.

Na nikuambie jambo bila ugomvi. Chumba kile cha ghorofa ya nne kina dirisha zuri, linaingiza mwanga toka asubuhi. Cherehani kingekaa pale vizuri tu. Kushindwa na bati si aibu, wifi.

Wako wa baridi,
Wifi


14 Machi

Shangazi, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Umemwambia akaze bolti mpaka zikatae, na unasema hapo ndipo mambo yatakapozidi kuharibika. Sikuuliza zaidi, kwa sababu viyoyozi sivijui na hili la bolti sitaki kulijua. Tulipokubaliana kwamba utampa kazi ya kumchosha nilisema sawa. Sasa sina uhakika tena.

Mnunuzi yupo tayari. Anataka kuligeuza gari liwe saluni. Nimemwonyesha picha za makabati aliyoyachonga baba, akasema yale atayang'oa. Nikamjibu "sawa" kama mtu asiye na baba.

Lakini shangazi, kila nikitaka kurudi nyuma nakumbuka siku ile. Baba amelala sakafuni mwa gari, mama peke yake, mtandao hakuna, hospitali iko kilomita sabini. Akashika usukani mwenyewe, na baba yuko nyuma yake hasemi. Alipopata mtandao na kunipigia, ilikuwa imekwisha. Simu ya pili ya namna ile siiwezi. Hiyo ndiyo sababu yangu, nyingine sina.

Usimwambie.

Mwanao


24 Machi

Wifi,

Leo hakuna salamu, mwanzo wala mwisho.

Bolti nilizikaza. Nilizikaza mpaka zikakataa, mpaka kiganja kikachubuka, nikajisifu. Siku ya tatu mvua ikanyesha, na sasa nina maji ya aina mbili ndani, ya kiyoyozi na ya mvua. Godoro limeloa. Vyerehani vitano vya watu nimevihamishia kwenye karakana ya washonaji, nimevifunika kwa koti langu.

Uliniambia ningoje wiki mbili. Nimengoja siku tisa. Jana asubuhi nikafunga kibwebwe, nikaazima ngazi, nikapanda. Usianze kelele. Nilivaa raba, na mama mwenye karakana alinishikia ngazi huku akinitajia maovu yangu yote, moja baada ya jingine. Nikalala kifudifudi, nikachungulia chini ya kiyoyozi. Ile sponji uliyoiita nene imekuwa nyembamba kama kadi ya mwaliko, na pembe moja imepasuka.

Nikakaa kitako palepale juu nikafikiri. Mimi nami ni fundi, wifi. Cherehani kina skrubu ya kubana uzi, na mtu namfundisha siku ya kwanza kabisa kwamba ukiikaza kupita kiasi uzi unakatika. Wewe una miaka thelathini na moja kwenye viyoyozi, hujui kwamba sponji iliyobanwa yote haizuii maji? Ungekuwa mbabaishaji ningesema umekosea. Lakini kaka yako alinisimulia jinsi ulivyomfukuza fundi kazini kwa kuacha skrubu moja haijalingana na nyingine. Wewe hukosei bolti. Ulijua unachoandika.

Halafu nikalikumbuka lile dirisha. Mwanao amehamia ghorofa ile mwezi wa kwanza mwaka huu, na hukuniambia kwamba ulikwenda. Mwanga wa asubuhi umeuona wapi? Mmekula njama, wewe na yeye.

Nimeumia. Naliandika wazi usije ukalikisia. Ungesema, "Wifi, sikusaidii, naogopa," ningenuna siku mbili yakaisha. Wewe ukanipa kazi ya uongo nikaifanya kwa mikono yangu, nikikuamini kila nilipozungusha spana.

Zimebaki siku thelathini na saba. Nitalitengeneza, uwepo usiwepo. Nikishindwa nitahama kama nilivyoahidi. Ila nikishindwa kwa ajili ya bolti zako, ghorofa ya nne usikanyage.

Mke wa kaka yako


30 Machi

Wifi yangu, kama bado naruhusiwa kukuita hivyo,

Ni kweli, yote uliyoandika.

Nilikwenda kwa mwanao mwezi wa pili. Tulikaa kwenye chumba kile tukamlilia kaka yangu, na tulipomaliza kulia tukaanza kukupangia maisha, tukuweke huku, tukusogeze kule, kama kabati. Njama ya bolti ni yangu, usimtwike mtoto. Barabara ilinichukulia kaka, na nikikufikiria uko huko peke yako naingiwa na hofu. Nikaona heri uloe uje nyumbani. Siku zote nimejivunia kazi yangu, na kazi moja ya hovyo niliyowahi kufanya nimemfanyia mtu wangu mwenyewe. Naona aibu. Nisamehe, na kama huwezi sasa, nisamehe baadaye.

Hii sasa ndiyo kazi ya kweli. Wasomee mafundi kumi, hawatapata pa kunikosoa.

Kiyoyozi kikipoza hewa lazima kitoe maji, hilo si ugonjwa. Maji yanaangukia beseni lililo chini ya koili, yale mabomba membamba ya baridi, yanatoka kwa matundu pembeni mwa kitako cha kiyoyozi, yanatiririka juu ya paa na kuanguka nje. Matundu yakiziba beseni linafurika, na maji hayana pa kwenda ila kwenye lile tundu la mraba, juu ya meza yako. Kwa hiyo kwanza zima umeme, na waya wa nje uuchomoe kabisa. Ondoa ganda la juu. Yatafute matundu, toa kilichoziba, iwe majani, tope au nyumba ya nyigu. Halafu mimina kikombe cha maji kwenye beseni. Ukiona yanatoka juu ya paa bila kusitasita, umeshinda nusu.

Nusu ya pili ni uharibifu wangu. Gasketi mpya imo kwenye kifurushi hiki. Tafuta watu wawili wakuinulie kiyoyozi upande mmoja, kwangua ya zamani, safisha, weka mpya kavukavu bila gundi. Bolti zikaze kidogokidogo, ukitoka kwenye moja uende ile ya mkabala kwa mshazari, mpaka sponji ibaki nusu ya unene wake. Nusu, wifi. Pima. Na gari lisimame sawasawa, upande unaoinama utie ubao chini ya gurudumu.

Nimemwandikia mwanao leo kwamba mimi nimejitoa.

Wifi yako


12 Aprili

Wifi,

Kifurushi kimefika. Salamu nimezirudisha, ila nusu ya unene wake.

Matundu nimeyapata. Au niseme, nimepata mahali yalipokuwa. Yamezibwa kwa silikoni nyeupe kuzunguka kitako chote, laini, bila mwanya, kazi safi ajabu. Unajua ni nani? Kaka yako. Seremala yule hakuweza kuona mwanya akaupita. Msimu wake wa mwisho wa mvua alipanda juu na bomba la silikoni, akashuka akisema, "Sasa humu hapiti hata mbu." Kweli, hakupita. Lakini na maji ya kiyoyozi yakakosa pa kutokea. Mwaka ule hatukukiwasha, na miaka miwili hii nimekuwa nikiegesha miji ya baridi, ndiyo maana sikujua mpaka nilipofika kwenye joto hili.

Kwenye kona ya nyuma, pale alipomalizia, aliilainisha silikoni kwa dole gumba. Alama ipo, mistari yote inaonekana. Nilikaa pale na kisu mkononi nikalia kwa sauti. Mama wa karakana akauliza kutoka chini kama nimejikata. Nikamwambia hapana, bado.

Nilifikiri nizibue kwingine kona ile niiache. Lakini gari langu linainamia nyuma, hata ukiweka ubao, na tundu la kona ile ndilo linalobeba maji mengi. Nikimwachia kaka yako dole gumba lake, nitashindwa, na makabati yake yote yataenda kwa mnunuzi. Nikakata. Ilitoka vipandevipande, hakuna cha kuhifadhi. Nyuma yake yakatoka maji meusi yenye uvundo wa miaka miwili, yakateremka ubavuni mwa gari, na mimi nikapiga vigelegele peke yangu juu ya paa nikiwa na makamasi.

Washonaji wawili walipanda kuinua kiyoyozi. Mmoja akaipima sponji kwa utepe anaopimia watu viuno, akatangaza kwamba imepungua vizuri na sketi itamkaa. Kikombe cha kwanza cha maji kilisita, nikachokoa tena kwa sindano ya kushonea magunia. Cha pili kikapita kikikimbia.

Mvua imenyesha mara mbili, ndani kukavu. Lakini bado sijashinda. Jana niliwasha toka asubuhi, na saa nane mchana likadondoka tone. Leo tena, saa nane na robo, matone matatu. Asubuhi yote hakuna kitu, halafu mchana linakuja. Matundu nimeyakagua, yako wazi. Nimeishiwa akili.

Nijibu upesi. Na safari hii nitakupima kwa matokeo.

Wifi


17 Aprili

Wifi,

Hilo halitoki kwenye paa wala kwenye bolti. Ni barafu. Hewa isipopita vizuri kwenye koili, koili inaganda polepole asubuhi nzima bila wewe kujua. Barafu ikizidi inaanza kuyeyuka na kudondoka nje ya beseni. Sasa jiulize, hewa inazuiwa na nini katika gari la mtu anayeshinda na nguo na vyerehani?

Fungua kifuniko cha dari utoe chujio. Naweka rehani spana zangu zote kwamba limefunikwa na nyuzi za sare kama blanketi. Lioshe kwa maji na sabuni, likauke, ulirudishe. Kisha ukipige koili brashi laini, taratibu, toka juu kwenda chini. Ukiwa na kazi ya kupuliza vumbi la vyerehani, ifanyie nje ya gari.

Sijalala usingizi mzuri tangu barua yako. Nijulishe.

Wifi


1 Mei

Shangazi, shikamoo.

Nimeshindwa. Nilifika jana saa mbili kasoro, mnunuzi nimemwacha kwenye gari lake barabarani. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kitenge la kutokea. Aliniambia "karibu" tu. Akawasha kiyoyozi, akanipa kiti, akaendelea kufungua cherehani cha mtu palepale chini ya dari. Nilitandika gazeti mezani ili tone likianguka lionekane.

Joto la jana ulilisikia hata huko, nadhani. Shati lilinigandia hata ndani ya baridi ile. Nje, nyuma ya gari, maji yalikuwa yakianguka toka paani mfululizo, kishimo kidogo kikachimbika ardhini. Ndani, kukavu. Saa sita bado nilikuwa nalingojea tone. Saa nane mama akaacha kazi, akakunja mikono, akatazama juu, nikaona jinsi anavyoogopa. Toka hapo, shangazi, sikutaka tena lianguke. Saa tisa nilikuwa nimesimama nimetoa macho kwenye dari, naomba kimoyomoyo, na nilikuwa naomba upande wake.

Saa kumi akazima. Gazeti kavu. Nikampa mkono, nikaenda kumwambia mnunuzi arudi kwake. Niliporudi akaniuliza, "Ya bolti ulijua?" Nikasema nilijua. Akasema, "Ngoja barua." Mimi nimekaa naye meza moja, ananiambia ningoje barua! Nimerudi nyumbani naogopa kila hatua ya tarishi.

Mwanao


3 Mei

Wifi yangu, na wewe mwanangu,

Barua hii naiandika juu ya karatasi ya kaboni. Ya juu ni ya wifi, maana macho yake yamechoka, ya chini ni ya mwanangu. Maneno ni yaleyale. Sitaki tena mmoja wenu ajue jambo langu ambalo mwenzake halijui.

Siwanunii tena. Nilinuna, imeisha. Wifi, mkono wako umo kwenye kazi hii, mbaya na nzuri, na nzuri imeshinda. Mwanangu, nilikuona ulivyosimama saa tisa.

Sasa na mimi nina langu, nimewaficha miaka miwili. Niliwaambia aliugua ghafla. Haikuwa ghafla. Siku nne alikuwa akishika kifua, na kila nikimuuliza ananiambia ni mgongo, amelala vibaya. Siku ya nne tulikuwa tumeegesha ng'ambo tu ya hospitali kubwa, toka asubuhi mpaka jioni. Alikunywa chai akiutazama mlango wake. Hakusema kitu, hakutaka niogope. Asubuhi yake tukaondoka, na yaliyofuata mnayajua.

Nami sikuwaambia kwa sababu sikutaka mumlaumu. Basi mkailaumu barabara, mkalilaumu gari, nikawaacha. Mmekula njama ya kuniokoa na kitu ambacho hakikumuua mtu. Barabara haikumuua. Alikufa akinikinga nisiogope, na nyinyi mlitaka kunikinga hivyohivyo, na mimi nikawakinga nyinyi. Nimechoka, jamani. Familia nzima tumekuwa mafundi wa kuziba.

Nataka makubaliano mapya, na natoa mkono kwenu wote wawili. Nikiumwa nitawaambia siku hiyohiyo, hata kama ni ukucha. Mkiogopa mtaniambia siku hiyohiyo, hata kama ni upuuzi. Hakuna wa kumficha mwenzake kwa kumtakia mema.

Naondoka kesho asubuhi, safari ya mwendo wa saa saba. Naanza mimi. Goti la kulia linaniuma tangu juzi. Na naogopa kidogo kuendesha peke yangu.

Mama, na wifi